Prosesa ya Mzee Komba na Kahawa ya Mkewe

Upendo, fundi niliyemfundisha, ameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, vijana wa karakana wasome. Kwanza alisema ukurasa mmoja. Baadaye akasema miwili, kwa kuwa ananijua. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaeleza nilipandishwa cheo lini, maana karakana yetu ya sauti hapa Mbinga haijawahi kuwa na vyeo zaidi ya viwili: mwenye ufunguo wa kabati la vifaa na asiyekuwa nao. Mimi nilikaa bila ufunguo miaka tisa. Kuhusu mshahara nitanyamaza, kama ulivyonyamaza wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika na shahada ya fizikia ndani ya bahasha ya kaki. Mzee Mapunda, mwenye karakana, aliisoma kwa kioo cha kukuzia, kilekile alichotumia kusomea namba za transista. Alipomaliza akaigeuza.

"Nyuma hakuna kitu," akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Basi. Chukua ngazi."

Tulikwenda kufunga spika katika ukumbi wa shule moja ya msingi njia ya Litembo. Nilianza kufungua maboksi, nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba najua kusoma mchoro wa waya. Mzee Mapunda akanizuia kwa mkono. Alisimama katikati ya ukumbi mtupu, akapiga kofi moja kubwa, akatega sikio kama mtu aliyebisha hodi.

"Umesikia nini?"

"Kofi, Mzee."

"Chuo kikuu ulikaa miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Piga wewe sasa."

Nilipiga. Mara hii nilisikia kofi langu likienda ukutani, likirudi, likipishana na lenyewe hewani na kuvunjika vipandevipande. Mzee Mapunda akaniambia kwamba ukumbi ule ungeifanya hotuba ya mwalimu mkuu isikike kama watu watano wanaogombana ndani ya pipa, na kwamba spika ya bei yoyote isingeliondoa tatizo hilo, ingeliongezea nguvu tu. Tuliomba mikeka ya darasa la awali tukaitundika ukuta wa nyuma. Ndipo tukafungua maboksi.

Hiyo ndiyo desturi ya karakana yetu, na ninyi mnaijua: boksi halifunguliwi kabla chumba hakijapigiwa makofi. Nimewafundisha mafundi kumi na wawili desturi hiyo. Nimeivunja mara moja tu, na karatasi hizi zinahusu mara hiyo. Lakini kwanza niseme mawili matatu, msije mkadhani nilikuwa mjinga tangu mwanzo.

Vifaa vyangu vya miaka ya mwanzo vilikuwa bisibisi mbili, mita moja ambayo sindano yake ilihitaji kugongwa kidogo ndipo iseme ukweli, na chuma cha kulehemu kilichopashwa kwenye jiko la mkaa siku umeme ukikatika, yaani siku nyingi. Kazi ngumu kuliko zote wakati ule ilinipata ng'ambo ya Tingi, kwenye baa moja ya ufukweni mwa ziwa. Amplifaya yao ilikuwa inakoroma. Nilipofungua mfuniko sikuona waya hata mmoja. Ilikuwa imejaa kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi. Walikuwa wameingia kwa maelfu kupitia matundu ya kupozea, wakakaukia humo. Nikainua boksi nilimwage nje. Mama mzazi wa mwenye baa akapiga kelele kutoka jikoni.

"Usimwage, baba! Usimwage! Ngoja nilete sufuria!"

Akakung'uta amplifaya yote juu ya sufuria, kwa uangalifu ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Jioni tulikula. Sijatengeneza amplifaya nyingine iliyotoa kitoweo.

Mzee Mapunda alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati. Miaka michache baadaye akaja Mzee Komba.

Mzee Komba ni mkulima wa kahawa upande wa Litembo, mtu mkarimu, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Alikuwa ameona mjini nyumba yenye chumba cha sinema, naye akataka chake. Chumba kilikuwepo tayari: stoo kubwa ya matofali nyuma ya nyumba, iliyojengwa kwa ajili ya kahawa. Mkewe, Mama Kapinga, alikubali kwa sharti kwamba nusu ya nyuma ingebaki yake. Kwa hiyo mbele kukawa na skrini na makochi, na nyuma, tangu sakafu hadi karibu na dari, magunia ya kahawa ya maganda, ile iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa ikingoja kuuzwa.

Nilipiga kofi. Chumba kilijibu vizuri ajabu. Kofi lilikwenda likatua, halikurudi. Nikafunga spika saba, nikazisogeza huku na huku nusu siku nzima. Tulipowasha, Mzee Komba alisimama kwenye kochi lake.

"Mwalimu!" akasema. Ananiita Mwalimu kwa sababu ya ile shahada. "Nimesikia mtu anatembea nyuma yangu!"

"Ni filamu, Mzee."

"Najua ni filamu! Nimegeuka kumtazama!"

Alitangaza habari hiyo kanisani, mnadani, na kwenye kila msiba aliohudhuria. Watu wa Mbinga wakaanza kuniita Sikio. Sikukataa. Mwaka uliofuata nilimlipa mchoraji achore sikio kubwa jekundu kwenye kibao cha karakana, mnalolijua, lile linalofanana na embe lililoumwa.

Kila mwaka, mwezi wa saba, Mzee Komba aliniita kuikagua mashine. Mwezi huo njia ni kavu, mavuno yamekwisha kuanikwa na yeye ana furaha. Nilikwenda, nikapangusa vumbi, nikakaza skrubu mbili, nikasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, nikasifiwa, nikala, nikarudi na kuku. Na kila mwaka, mvua zikianza, alinipigia simu.

"Mwalimu, mashine imeanza tena. Sauti ya bati. Watu wanaongea kama wako ndani ya debe."

"Ni unyevu wa mvua, Mzee," nilimjibu. "Unaingia kwenye karatasi za spika. Ngoja kiangazi."

Akangoja. Mwezi wa saba mimi nilikwenda, na sauti ilikuwa imerudi. Jambo hili lilitokea miaka kumi na moja mfululizo, na kila mwaka lilithibitisha nadharia yangu ya unyevu. Niliieleza hata kwenye mafunzo ya mafundi, na mchoro ubaoni. Upendo alikuwepo. Aliunakili kwenye daftari lake, Mungu amsamehe mwalimu wake.

Sasa tufike kwenye prosesa.

Mwaka jana Mzee Komba alichoka na unyevu. Aliona kwenye simu yake video ya mtu fulani wa nchi za mbali akieleza, kwa sauti ya chini kama mhubiri, kwamba kiini cha sinema ya nyumbani si spika wala skrini, ni prosesa ya sauti: ule mtambo unaopokea sauti ya filamu, kuigawa, na kuamua kila spika iseme nini na lini. Ile aliyonayo, mtu yule alisema, ni ya watoto. Ya watu wazima inaendesha spika kumi na sita, nyingine zikiwa darini ili mvua ya kwenye filamu inyeshe kutoka juu. Zaidi ya yote inakuja na maikrofoni yake. Unaiweka mahali unapokaa, mtambo unatoa milio, unajisikiliza, na kujirekebisha wenyewe kulingana na chumba.

"Hii inamaliza unyevu?" Mzee Komba aliniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Lakini na mimi nilikuwa nimeitazama ile video mara nne. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, na nilitaka kazi yangu ya mwisho iwe mtambo ambao mkoani hakuna mwenye nao.

"Inamaliza, Mzee."

Tuliuagiza kupitia duka la Bwana Salim pale stendi. Bwana Salim, ambaye baba yake alihamia huku kutoka pwani na kumwachia duka na ulimi, alisoma karatasi ya maelezo kwa utulivu.

"Kwa hiyo mashine hii inasikiliza chumba yenyewe?"

"Yenyewe."

"Na kujirekebisha yenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe, ndugu yangu Sikio, unakwenda kufanya nini?"

"Kuichomeka."

"Haya. Nenda kachomeke. Kusoma ni kuzuri."

Mtambo ulikuja kwa basi, umefungwa vizuri kuliko abiria. Ulikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la tatu, na kitabu cha maelezo katika lugha kumi na nne, yetu ikiwa imeachwa kwa heshima zote. Nilikwenda Litembo na Upendo mwezi wa nane. Tulitoboa dari, tukaongeza spika tisa, tukavuta waya siku tatu. Siku ya nne nilisimamisha ile maikrofoni kwenye kochi la Mzee Komba, juu ya kijiti chake, mahali pa masikio.

"Mwalimu," Upendo akasema, "hatujapiga makofi."

"Upendo, mtambo huu una maikrofoni."

"Nimeiona. Na haya magunia ya Mama?"

"Yana nini?"

"Yatatoka lini?"

"Hayatuhusu. Sisi ni watu wa sauti."

Aliniangalia kidogo, kisha akaenda kufunga mlango. Nawaomba mkumbuke kwamba mwaka wa pili chuoni nilifanya mtihani ambao swali lake moja liliuliza hasa jambo hili: sauti inamezwaje na vitu laini ndani ya chumba. Nilipata alama ya juu kabisa. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Tukawatoa kuku uani, tukamwomba Mzee Komba asikohoe. Prosesa ikaanza kulia, spika moja baada ya nyingine, mlio unaopanda kutoka ngurumo hadi filimbi. Mara nane, maikrofoni ikihamishwa kochi hadi kochi. Mwisho ikaandika kwenye skrini kwamba imekamilisha.

Sitawadanganya. Ilikuwa nzuri kupita chochote nilichowahi kusikia. Mvua ilinyesha juu ya vichwa vyetu mpaka Mzee Komba akaweka kofia. Siku hiyohiyo alimpigia simu shemeji yake, Bwana Chale, kaka wa Mama Kapinga, mwenye nyumba ya wageni kule Mbamba Bay. Kwa miaka mingi Bwana Chale alikuwa amejisifia runinga yake. Sasa alialikwa aje kusikiliza, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, pamoja na familia.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo simu yangu ikalia.

"Mwalimu, sauti ya bati."

"Ni uny..." nikaanza, nikakatiza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana. Hakujanyesha tangu mwezi wa tano. Vumbi la barabara lilikuwa limesimama hewani kiasi cha kuficha duka la Bwana Salim. Unyevu ungetoka wapi?

Nilipanda bodaboda mpaka Litembo. Nilipoingia chumbani nikaona ukuta wa nyuma. Sikuwa nimewahi kuuona ukuta ule kwa miaka kumi na moja. Chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kimeanza kukusanya kahawa mapema mwaka huo, na gari la kwanza lilikuwa limechukua magunia ishirini kati ya sitini.

Nilielewa papo hapo, nimesimama na kofia mkononi. Kumbe kila mwaka kahawa iliondoka mwezi wa kumi, mvua zikafuata, sauti ikaharibika. Kila mwaka kahawa mpya iliingia, nami nikaja nyuma yake na bisibisi zangu. Spika zangu hazikuwa na siri yoyote. Zilikuwa zinaimba mbele ya kilo elfu kadhaa za godoro. Na prosesa ya watu wazima, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa imekariri chumba chenye magunia sitini.

"Ni nini, Mwalimu?" Mzee Komba akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilimtazama usoni mzee aliyenitangaza kwenye misiba yote ya tarafa, nikasema:

"Mtambo umeyazoea mazingira, Mzee. Magunia yaliyobaki yasitoke kwanza."

Tukayapanga upya yale arobaini nyuma ya makochi, nikarudia vipimo, sauti ikarudi karibu yote. Mzee Komba akatoa amri: hakuna gunia litakalotoka kabla Bwana Chale hajaja. Mama Kapinga alikuwa mlangoni na beseni la mahindi. Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda mezani.

Jumatano ya wiki ya wageni alikuja mwenyewe mjini. Aliingia karakanani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka pochi magotini.

"Shikamoo, Mama," Upendo akasalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa huyu Mwalimu wenu." Akanigeukia. "Wewe umesoma. Nina swali moja. Ile mashine inakula kahawa?"

"Hapana, Mama."

"Inakunywa?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini kahawa yangu imekuwa samani?"

Nilianza kueleza habari ya mawimbi. Aliinua kiganja.

"Gari la mwisho la chama linapita kesho saa sita mchana. Likishapita hilo, hakuna lingine mpaka mwakani. Kahawa ikilala mle hadi mvua zianze, itavuta unyevu. Unyevu wa kweli, siyo ule wako wa kwenye simu. Itanuka kuvu, chama hawataigusa. Na ile ndiyo ada ya binti yetu Stella ya chuo cha uuguzi. Baba yake anasema amezuiwa na fundi. Nikasema ngoja nimwone huyo fundi anayezuia."

Akasimama, akamuaga Upendo, mimi akaniacha kama nilivyo.

Upendo aliendelea kupekua waya. Kisha, bila kuinua kichwa: "Mwalimu, kesho utakwenda wewe au niende mimi?"

Nilijua anachouliza. Nikitaja kahawa, nimeutaja pia unyevu. Na nikiutaja unyevu, hakuna kinachobaki cha Sikio la Mbinga isipokuwa lile la kwenye kibao. Lakini akienda yeye, itakuwa nimedaiwa ukweli nikamtuma mwanafunzi. Nikasema tutakwenda wote.

Alhamisi saa tano tulikuwa Litembo. Mzee Komba alikuwa barazani, amevaa vizuri kama kwamba wageni wamekwishafika.

"Karibuni! Kuna marekebisho?"

"Yapo, Mzee. Naomba twende chumbani. Na Mama aje."

Tulisimama wanne mbele ya skrini. Sikuwasha chochote. Nilipiga kofi. Likatua.

"Tuhamishe magunia nje," nikasema, "halafu nipige tena."

"Magunia yangu hayatoki!" Mzee Komba akasema. "Wewe mwenyewe ulisema!"

"Nilisema uongo, Mzee."

Mama Kapinga hakungoja zaidi; alitoka uani akaita wapwa zake, na gunia la kwanza likapita kati yetu juu ya bega la mtu. Baada ya dakika arobaini chumba kilikuwa kitupu na honi ya lori ilikuwa inasikika bondeni. Nikapiga kofi. Lilikwenda ukutani, likarudi, likagonga skrini, likarudi tena. Sauti ya bati.

Mzee Komba alisikiliza mpaka lilipokwisha.

"Hakuna unyevu," akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Miaka kumi na moja."

"Ilikuwa kahawa, Mzee. Ikiwepo, chumba ni kizuri. Ikiondoka, chumba ni debe. Mimi nilikuwa nakuja ikiwa ndani."

"Na ile elimu yako?"

"Ilikuwa inakuja nami."

Akakaa kwenye kochi taratibu. "Na hii mashine kubwa?"

"Ni nzuri sana. Lakini inarekebisha kasoro ndogo. Haiwezi kuugeuza ukuta kuwa gunia."

Mama Kapinga alikuwa amerudi, anajifuta vumbi. "Mimi nilijua tangu mwaka wa pili," akasema.

Tukamgeukia wote.

"Kila tukipakia kahawa, haupiti mwezi mzee anashika simu. Kila mwaka. Nikajisemea, hawa wanazungumzia nini?"

"Mama Stella!" Mzee Komba akalia. "Kwa nini hukusema?"

"Mliniuliza lini? Mlikuwa mnaongea na maikrofoni."

Lori likaondoka na kahawa. Mzee Komba hakunifokea. Alikaa palepale akitazama ukuta wa nyuma, kisha akauliza swali moja kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Sasa Jumamosi nitamwambia nini Chale?"

Upendo ndiye aliyejibu. Ana rafiki kwenye kiwanda cha kukobolea kahawa mjini, mahali ambapo makapi, yale maganda makavu yanayobaki, yamerundikana kama kichuguu na hakuna anayeyataka. Ijumaa alikuja na pikapu ya magunia sabini ya makapi, mepesi hata mtu mmoja anabeba manne. Akayapanga nyuma na pembeni, akapiga kofi, akahamisha mawili, akapiga tena. Mimi nilishika kijiti cha maikrofoni. Vipimo vilipokamilika sauti ilikuwa nzuri kuliko ya mwezi wa nane, na alivifanya yeye.

Bwana Chale alifika Jumamosi mchana na watu tisa. Alikaa, akasikiliza, akageuka nyuma mara mbili, akatazama darini mvua iliponyesha. Mwisho akavua miwani.

"Shemeji, hii ni mashine."

"Ni mashine," Mzee Komba akakubali. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu anayebadilika kwa siku mbili, akapigapiga gunia lililokuwa karibu naye. "Na hii ni kahawa ya mwaka huu. Yote hii. Sina haraka ya kuuza."

Mama Kapinga akapaliwa na chai. Upendo akamgonga mgongoni.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Bwana Chale alirudi Mbamba Bay na kuagiza prosesa ileile. Aliifunga kwenye sebule yake mpya inayotazama ziwa: vigae sakafuni, vigae nusu ya ukuta, na kioo upande mzima. Mwezi wa kumi na mbili akapiga simu karakanani kulalamika sauti ya bati. Mimi nilikuwa nafungasha vitu vyangu, kwa hiyo alikwenda Upendo. Alipiga kofi sebuleni pale, likarudi mara nne. Akamweleza ukweli wote: mapazia mazito, zulia, au makapi.

Bwana Chale alimcheka. "Binti, magunia sebuleni? Shemeji yangu ana mashine hiihii na hana shida. Hii yangu ni mbovu."

Ameagiza kubwa zaidi.

Siku yangu ya kuaga nilimwomba mchoraji alifute lile sikio kwenye kibao. Upendo amechorewa viganja viwili mahali pake. Ufunguo wa kabati nimempa yeye, na ukurasa wa daftari wenye mchoro wa unyevu nimeuomba tuuchane pamoja. Alikataa. Anasema atauonyesha kila fundi mpya, siku ya kwanza, kabla ya ngazi.

Zawadi zilikuwa chache. Bwana Salim alinipa maikrofoni ya kuchezea ya mtoto. Kutoka Litembo ulikuja mfuko mdogo wa kahawa, iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, umefungwa kwa uzi wa gunia. Juu yake Mama Kapinga alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa za mtu anayetaka asomwe vizuri:

KWA FUNDI. WEKA MAHALI PAKAVU.